Likizo kwa Bi Mkubwa wa Yiti

Baba alipotwambia tutakwenda Yiti, kijijini pwani, kupumzika, Mama alifurahi hata akaacha ufagio katikati ya ua. Bibi, mama yake Baba, aliendelea kuchambua mchele. Aliuchambua kimya mpaka ukawa safi, kisha akaumwaga tena kwenye ungo na kuanza upya.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu tutoke Unguja. Tulikuwa miongoni mwa wachache walioruhusiwa kuingia Maskati baada ya mapinduzi, kwa sababu ami yake Baba alikuwa na duka Matrah na alitusimamia. Tulikaa vyumba viwili vya juu nyuma ya soko, na Baba alikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja. Kiangazi cha kule mtu hawezi kumsimulia ambaye hajakiona. Milima iliyouzunguka mji ililishika jua mchana kutwa, na jioni ikalirudisha kidogo kidogo, kama tanuri lililofunikwa. Kila mwenye jamaa pwani, mwenye mitende na kisima, alihama mjini wakati wa tende mbivu. Sisi hatukuwa tumehama hata mara moja. Sasa Baba alikuwa amepewa likizo yake ya kwanza, na akatuahidi kwamba tutakula samaki waliotoka majini asubuhi ileile na tende tulizochuma wenyewe, mpaka tuombe radhi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Nilimwuliza Mama kwa nini Bibi kanuna. Mama akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba huko Yiti ndiko aliko mke mkubwa wa babu.

Habari hiyo nilikuwa nikiijua nusunusu, kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa. Babu alizaliwa Yiti. Akaoa hapo akiwa kijana, kisha akasafiri kwenda Unguja kutafuta maisha, akamwacha mkewe akimwambia atarudi. Hakurudi. Unguja akamwoa Bibi, wakazaa, wakazeeka pamoja, na akafa kitandani kwake miaka michache kabla ya mapinduzi. Yule wa kwanza hakumwacha kwa talaka. Bibi aliishi umri wake wote akijua kuwa ng'ambo kuna mwanamke mwenye cheo cha bi mkubwa juu yake, na alikuwa akimwita "yule wa Arabuni", basi.

Kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua Baba. Babu alipokufa, ami yake wa Matrah alimpa msafiri salamu za msiba azipeleke Yiti. Jibu halikurudi, na hakuna aliyejua kama salamu zilifika. Kwa hiyo Baba alikuwa anakwenda kula tende, na anakwenda pia kumwambia mwanamke mzee kwamba mumewe amekufa.

Siku moja kabla ya kuondoka, Bibi alinituma sokoni kwa wauza nazi. Nazi zilikuja kwa meli kutoka Hindi, kavu na ghali. Akachagua mbili kwa kuzitikisa sikioni. Kisha akatoa mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyokuja nayo kutoka nyumbani ilhali vitu vingi vya maana tuliviacha, akaifunga katika kanga pamoja na nazi zile.

Mama akamwambia, "Mama, huko kuna kila kitu. Tunakwenda kupikiwa."

Bibi akasema, "Mie siendi kwa mwenye nyumba mikono mitupu."

Tulisafiri kwa motaboti ya tajiri wake Baba, iliyokuwa ikipeleka mizigo Quriyat, mbele ya Yiti. Tuliondoka asubuhi mara baada ya lango la mji kufunguliwa. Mama na mimi tulikaa mbele tukipigwa na upepo. Bibi alikaa chini, kaipa bahari mgongo, kanga kaivuta mpaka machoni. Safari yake ya mwisho majini ilikuwa ile ya kutoka Unguja, na tangu siku ile hata pwani ya Matrah alikuwa hapiti. Nilimwona anasoma dua kwa midomo. Sikujua kama anaiogopa njia au anakoelekea.

Yiti ilikuwa nyumba chache za makuti ya mtende, ghuba yenye mchanga, na mitende iliyoingia ndani kufuata bonde. Tuliulizia, tukaelekezwa kwenye ua wa mwisho. Baba alifika kwenye ugo, akakohoa, kama mwanamume anavyokohoa ili wanawake wajifunike. Hakusema neno lolote. Alikohoa tu.

Sauti ya mwanamke ikatoka ndani, kwa Kiarabu, imetulia, "Umekawia. Kunywa maji kwanza."

Akatoka mzee mwembamba, mrefu kuliko nilivyotazamia, kashika bakuli la maji kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alimwendea Baba moja kwa moja, akampa bakuli. Baba alisimama kama mtu aliyepigwa. Kisha akanywa. Nilimwona koo likikwama katikati, akamaliza hivyohivyo. Baadaye alituambia kwamba maji yalikuwa na chumvi, lakini hakuweza kuyarudisha.

Akamwambia, "Mama, mimi ni mwanawe."

Mzee akampapasa uso, paji, pua, mpaka kidevu. "Mwanawe," akasema. "Sawa. Lakini sauti ni ileile."

Akatukaribisha chini ya kipaa cha makuti. Alimshika Bibi mikono, hakumwuliza yeye ni nani, akamkalisha upande wake wa mkeka na kumwita dada. Kahawa ikaletwa na mpwa wake aliyekaa nyumba ya jirani, pamoja na tende mbivu, laini, bado na joto la jua. Hizo tende sijala tena mfano wake. Zilikuwa na ngozi nyembamba inayopasuka kwa ulimi, na ndani kama asali iliyoanza kuganda. Nilikula bila adabu. Lakini nilikuwa nikiwatazama, maana Baba alikuwa ameanza kusema.

Alisema kwa upole, kwa Kiarabu chake cha kusoma, kwamba yeye ndiye aliyemzika baba yake, na kwamba alikufa kwa maradhi, si kwa mkono wa mtu, na alitamka shahada.

Bi Mkubwa, hilo ndilo jina tulilompa siku hiyo na tulilomwita mpaka mwisho, aliitikia, "Mungu amrehemu. Najua. Nimekwisha kukaa eda."

Baba akashusha pumzi. Akamwuliza kama basi zile salamu zilimfika.

"Hazikunifika salamu," alisema. "Alipokuwa hai hakuja hata siku moja. Mwaka ule akaanza kuja. Nikajua amekufa."

Bibi alinivuta mkono. Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu, na cha Mama hakikuwa bora. Mimi nilikuwa nimekiokota chuoni na kwa watoto wa mtaani, kwa hiyo nyumbani nilikuwa ndio ulimi wao. "Kasemaje?" akaniuliza. Nikamtazama Baba, naye akainamisha kichwa. Nikamwambia Bibi kama nilivyosikia.

Bibi hakushtuka. Akasema, "Muulize, anakuja wakati gani?"

Nikauliza. Bi Mkubwa akasema anakuja baada ya Alasiri, wakati wa kuteka maji ya mitende. Hukohoa kwenye ugo, wala haingii.

Chakula cha mchana cha siku ile kilikuwa samaki. Mpwa wake alimleta angali anang'aa, nguru mzima, na Bi Mkubwa alimpasua mwenyewe kwa kupapasa, kidole kikienda mbele ya kisu. Akamwosha kwa maji ya kisimani, akamsugua kwa ndimu kavu iliyopondwa, pilipili manga na kitunguu thomu, akambana kwenye mti wa kuti la mtende na kumsimamisha kando ya moto, si juu yake. Akamgeuza mara moja tu. Tukala kwa mkate mwembamba uliopikwa juu ya bamba la chuma, na majani ya figili, na mtindi wa mbuzi. Mama alikuwa akitafuna huku kafumba macho. Alisema tangu tutoke nyumbani hajala chakula kikamshuka hivi.

Bibi alitia tonge la kwanza mdomoni, akasimamisha mkono. Niliuona mkono ule umekaa hewani. Akatia la pili. Kisha akanawa, akasogea mbali na sinia.

Alinieleza jioni, tulipokuwa tukioga pamoja kisimani. Aliniambia kwamba babu, Unguja, hakuwa akigusa chungu, lakini kila Idi alikuwa akiacha pilau ya watu, anakwenda uani na samaki wake, anamsimamisha kando ya moto wa makuti ya mnazi, kawapa watu mgongo. Hapana aliyethubutu kumsemesha. Bibi, alipokuwa mwali, aliona vibaya mumewe akae motoni siku ya Idi. Akajifunza kwa kuchungulia, akampikia. Babu akala, akamshukuru, akasema, "Bado kidogo." Mwaka uliofuata akasema vilevile. Bibi akabadilisha ndimu, akabadilisha samaki, akabadilisha moto. "Nlidhani ni uchawi wake tu wa kutoridhika," akaniambia. "Kumbe mie nlikuwa nikipika chakula cha mtu, sinaye wa kunionesha."

Siku zilizofuata zilikuwa, kwa mdomo na kwa tumbo, siku bora za utoto wangu. Asubuhi tulikunywa maziwa ya mbuzi yakiwa bado na povu, tukala mikate iliyopakwa samli na asali. Mpwa wake Bi Mkubwa alitufundisha kuchuma tende bila kuzichubua. Tulikula dagaa waliokaushwa juani na ndimu mbichi, tukala wali na papa mkavu aliyepondwa na kukaangwa na vitunguu, tukala embe ndogo kali zenye nyuzi. Mama alinenepa machoni petu. Alianza kuimba akiosha vyombo, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kwamba analijua.

Lakini kila siku, kivuli cha mitende kilipofika kwenye ugo, Bi Mkubwa aliacha alichokuwa akifanya na kugeuza kichwa. Alisikiliza, akatikisa kichwa kama anayeitikia salamu, akaendelea na kazi. Siku za mwanzo niliogopa hata kutazama upande ule. Kisha nikamwona Bibi naye anaacha alichokuwa akifanya wakati uleule. Wazee wawili, mmoja kashika kisu na mwingine kashika ungo, wamegeukia ugo mtupu. Hilo lilinitisha zaidi.

Na Baba alikuwa anabadilika. Au Mama ndiye aliyeanza kuona hivyo, akanitia na mimi katika kuona. Bi Mkubwa alimwonesha mahali babu alipokuwa akikaa, na Baba akakaa pale. Alimwonesha mitende ambayo babu aliipanda kabla ya kusafiri, ambayo miaka yote aliinywesha kwa jina lake, na Baba akachukua ndoo na kuinywesha. Aliacha kusema Kiswahili mchana. Ukimwita, aligeuka polepole, kana kwamba jina lile ni la mtu aliye nyuma yake. Mama akaniambia mbele ya kisima, "Mie nlikuja na mume wangu, nataka nirudi naye yeye."

Jambo lenyewe lilitokea Alasiri moja ya joto kali. Baba alikuwa ameteleza kisimani, nguo zake zikaroa matope. Bi Mkubwa aliingia chumba cha udongo, akatoka na kanzu iliyokunjwa, ya kitambaa kizito cha zamani, imegeuka rangi ya maziwa ya chai. Ilikuwa ya babu. Alikuwa akiifua kila mwaka na kuiweka na maua ya yasmini makavu. Baba akaivaa nyuma ya mitende, na ilimkaa kama imeshonwa kwa ajili yake.

Mimi na Bibi tulikuwa chini ya kipaa, tunatoa kokwa za tende. Bi Mkubwa alikuwa kwenye moto. Kivuli kilifika kwenye ugo. Mtu akakohoa. Bibi akainua kichwa, akaona mtu mwenye kanzu ile anakuja kati ya mitende, jua likiwa nyuma yake na uso hauonekani. Akasimama. Tende zikamwagika. Alimwita kwa jina, si jina la Baba. Alimwita mumewe, kwa sauti ya ujana ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada ya hapo, na papo hapo Bi Mkubwa naye kule motoni akamwita kwa jina lilelile.

Baba alisimama alipo. Hakujua aende kwa nani. Kisha akaivua kanzu pale pale, mbele yetu, akabaki na shuka ya kiunoni, akaishika mkononi kama mtu aliyebeba mtoto asiye wake.

"Mimi," akasema kwa Kiswahili. "Mimi, Mama. Ni mimi."

Mama alitoka mbio ndani akamtupia kanga mabegani. Aliingia chumbani akaanza kukunja nguo zetu, na usiku hakula. Aliniambia motaboti ikipita tu, tunaondoka.

Asubuhi Bibi aliamka kabla ya wote. Nilipotoka nilimkuta kakalia mbuzi yake, anakuna nazi. Bi Mkubwa kakaa mbele yake anasikiliza ule mkwaruzo kwa makini, kichwa kakiinamisha upande. Akaniuliza ni kitu gani. Nikamwambia ni mbuzi, kisha nikalazimika kueleza kwamba kwetu kibao cha kukunia nazi kinaitwa kama mnyama. Akacheka, na kile kicheko cha meno machache kilitulegeza sote kidogo.

Bibi akasema, "Mwambie, nampikia alichokuwa akila kule. Nataka akijue."

Alipika wali wa nazi, na changu aliyembanika kisha akampaka tui zito lenye ukwaju na pilipili. Kwa nazi zile kavu za Hindi tui lilikuwa jembamba, na Bibi alilalamika muda wote. Bi Mkubwa hakutoka motoni. Alinusa kila kilichoingia chunguni. Chakula kilipoiva Bibi alimpakulia yeye peke yake kwanza, akakaa kumtazama.

Bi Mkubwa alikula polepole. Baada ya tonge kadhaa akasema, "Kitamu. Kina utamu wa kumfanya mtu asahau njia."

Nikatafsiri. Bibi akainamisha macho.

Kisha Bi Mkubwa akauliza lile ambalo nadhani sote tulikuwa tukilingojea tangu siku ya kwanza. Alinigeukia mimi, lakini uso wake ulikuwa kwa Bibi. "Muulize, alikuwa akinitaja?"

Mama alikuwa mlangoni na furushi mkononi. Baba alikuwa kwenye mitende, akatulia. Nilimwuliza Bibi, na nilitamani amwambie ndiyo. Lingekuwa jambo rahisi, na nani angejua.

"Mwambie hapana," Bibi akasema. "Hakukutaja hata siku moja. Na mie sikumuuliza. Nlikuwa naogopa akishaanza hatonyamaza."

Nikasema yote. Bi Mkubwa alitikisa kichwa, kama anavyotikisa kila Alasiri. "Hata alipokuwa anakufa?"

Hapo Bibi alisema na mkeka, si na mimi. Alisema kwamba siku ya mwisho babu aliomba maji. Akampa maji ya bomba yaliyowekwa kwenye mtungi, ya baridi. Akayaonja, akasema, siyo haya. Akamletea ya kisima cha jirani. Siyo haya. Watoto wakatumwa huku na huku na makopo, mpaka maji ya mvua walimpa, na kila mara aligeuza uso. Akafa na kiu, na Bibi tangu siku ile alikuwa akijiona kuwa ndiye mke aliyeshindwa kumpa mumewe maji ya mwisho. Hakuwahi kumwambia mtu. Baba alikuwa hajui, maana siku ile alikuwa amekwenda Pemba, na alimkuta baba yake amekwisha fumbwa macho.

Niliposema maneno hayo kwa Kiarabu sauti yangu ilikuwa ikipotea, na mara mbili Baba alinisaidia kutoka kule alikokuwa. Nilipomaliza, Bi Mkubwa aliinuka kwa kushika nguzo. Akaenda kwenye mtungi, akajaza lile bakuli, akamletea Bibi.

Bibi akanywa. Akakunja uso kwa chumvi yake, kama siku zote tangu tufike, kisha akaona. Ndivyo ninavyokumbuka, kwamba nilimwona anaona. Chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa katika samaki. Aliweka bakuli chini, akajifunika uso kwa kanga na kulia kama mtoto, na Bi Mkubwa akakaa karibu yake, akaweka mkono mgongoni, akawa anampigapiga taratibu kama anayembembeleza mtoto alale.

Tuliendelea kukaa. Mama alifungua furushi bila kuulizwa. Baba hakuvaa tena ile kanzu, na Bi Mkubwa hakumwambia tena akae hapa au anyweshe pale. Alimwita mwanangu. Nilitazamia kwamba baada ya siku ile wale wazee wangeacha kugeukia ugo wakati wa Alasiri, kwa sababu mambo yalikwisha semwa. Hawakuacha. Tofauti ni kwamba sasa walikaa pamoja. Siku moja baada ya kusikiliza walibishana, nami nikaitwa kuamua. Bibi alisema leo babu kasema jambo, kasema, "Hamjambo." Bi Mkubwa akasema ni kweli kasema, lakini kasema kwa Kiarabu. Wakanitazama. Mimi sikuwa nimesikia kitu ila ndoo ya kisimani. Niliwaambia sijui, wakaniona sina faida.

Siku ya kuondoka Bi Mkubwa alitufungia kapu la tende zilizokandwa na samaki mkavu, na chupa ya maji ya kisima kwa ajili ya Bibi. Alitusindikiza mpaka mchangani kwa kushikwa mkono. Bibi alipanda motaboti akakaa anatazama pwani, mpaka Yiti ikajificha nyuma ya mwamba.

Tulirudi kila kiangazi. Mwaka mmoja Bibi alibaki huko mpaka baridi ikaingia, na alirudi na Kiarabu cha kuchekesha, cha jikoni na kisimani tu. Kisha Bi Mkubwa alikufa, katika mwaka uleule nchi ilipopata sultani mpya, kabla kidogo. Habari zilitufika yeye keshazikwa. Bibi alikaa ndani, akapokea rambirambi za majirani, na aliyeuliza aliyekufa ni nani kwako aliambiwa, "Mwenzangu."

Baada ya hapo mlango wa nchi ukafunguliwa, na jamaa zetu waliotawanyika wakaanza kuja, kutoka Unguja, kutoka Dubai, kutoka Misri, kila wiki watu wapya na mabegi yao. Vyumba vyetu viwili vilijaa hata tukalala darini. Bibi aliwapikia wote. Kila aliyefika alikuwa na mtu wake aliyemwacha nyuma, na mara nyingi katikati ya chakula utawaona wamenyamaza, sote tunatazama sinia. Bibi hakuwaambia wasihuzunike. Aliwaachia wanyamaze kiasi wanachotaka, kisha anauliza nani anataka mchuzi zaidi.

Baba alikwenda Yiti mara moja kuangalia ile mitende. Alirudi akasema mpwa wake Bi Mkubwa ndiye anayeitunza, na ua umeanguka upande mmoja. Akamwuliza Bibi kama anataka kupelekwa kiangazi kile, maana sasa magari yapo na njia inachongwa.

Bibi alikuwa akipepeta mchele. Akasema, "Hapana, mwanangu. Niende kumtazama nani? Wote wawili n'nao hapa."

Na Alasiri ikaadhiniwa, akaweka ungo chini, akaenda kutawadha.